Sita na Tisa Hewani: Makosa ya Kuchekesha Katika Redio ya Waongoza Ndege

Mwongoza ndege ni mtaalamu anayefanya kazi mnarani au katika chumba cha rada, ambaye jukumu lake ni kuzipanga ndege angani na ardhini ili zisikaribiane kupita kiasi, na ambaye, ingawa amezungukwa na vioo, ramani na mitambo, hana chombo kikubwa kuliko sauti yake. Rubani humsikia bila kumwona, naye humsikia rubani bila kumwona, na kati yao hupita maneno machache yaliyopimwa, ambayo kila moja hubeba uzito wa watu walioketi ndani ya ndege. Kwa kuwa kazi hiyo hupitia katika midomo na masikio, makosa yake nayo ni ya midomo na masikio: ulimi ulioteleza, namba iliyosikika vibaya, kitufe kilichobonyezwa wakati ambapo hakikupaswa kubonyezwa. Ndiyo maana waongoza ndege wanapokumbuka miaka yao ya kazi, kumbukumbu zao huwa zimejaa vichekesho, na ndiyo maana vichekesho hivyo vinastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu kosa linalochekesha na kosa linaloua huzaliwa na mama mmoja, na mara nyingi kinachoyatenganisha ni mtu mmoja tu aliyethubutu kusema: rudia.

Msikilizaji aliyeko Kamatanda, kando ya mji wa Likasi, mahali panapojulikana zaidi kwa shaba yake kuliko kwa ndege, anaweza kudhani kwamba jambo hili liko mbali naye, lakini sivyo. Uwanja wa ndege wa Luano, unaohudumia mji wa Lubumbashi, uko upande wa kusini-mashariki kwa umbali wa kama kilomita 120, na Kolwezi iko upande wa magharibi, kwa hiyo ndege zinazosafiri kati ya miji hiyo miwili hukatiza katika anga la Likasi zikiwa na wafanyakazi wa migodi, wafanyabiashara na wagonjwa wanaotafuta matibabu. Kila ndege ya namna hiyo inapopita, mazungumzo hupita pamoja nayo, ingawa aliye chini hayasikii. Mwenye wajibu wa kuongoza safari za ndege katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni shirika la serikali liitwalo Régie des Voies Aériennes, ambalo wengi hulitaja kwa herufi zake tatu, RVA, na lugha zinazosikika katika masafa yake ni Kifaransa na Kiingereza, huku wengi wa wanaozisema wakiwa wamelelewa kwa Kiswahili, Kilingala, Kiluba au Kibemba.

Ili vichekesho vya redio vieleweke, ni lazima kwanza ieleweke jinsi redio yenyewe inavyofanya kazi. Redio ya ndege si kama simu, ambayo watu wawili wanaweza kusemeana na kusikilizana kwa wakati uleule, bali ni kama mlango mwembamba ambao hupitisha mtu mmoja mmoja: anayetaka kusema hubonyeza kitufe na kukishikilia, husema, kisha hukiachia ili asikie jibu. Wote walio katika masafa hayo, yaani katika namba ileile ya mawimbi, husikia kila kinachosemwa, na wawili wakibonyeza kwa pamoja, sauti zao hugongana na kuzaa mlio mkali kama wa chuma kinachokwaruzwa. Mawimbi ya kawaida ya mazungumzo ya ndege yako kati ya megahezi 118 na 137, nayo husafiri kwa mstari ulionyooka, kiasi kwamba ndege iliyo juu sana, katika mita 10,000, inaweza kusikika kutoka umbali wa karibu kilomita 400, ilhali ndege inayoruka chini, nyuma ya mlima, haisikiki hata kama iko jirani. Kwa umbali mkubwa zaidi hutumika yale yaitwayo mawimbi mafupi, ambayo hugonga tabaka la juu la angahewa na kurudi ardhini, lakini huja na mikwaruzo na minong'ono kama ya mtu anayesema akiwa ndani ya pipa.

Kosa la kwanza, ambalo karibu kila mnara duniani umewahi kulishuhudia, hutoka katika swichi moja ndogo. Mbele ya rubani wa ndege ya abiria kuna kibao chenye vitufe vya kuchagua mahali sauti yake itakapokwenda: redio ya kwanza, redio ya pili, simu ya wahudumu wa ndani, au spika za abiria. Kidole gumba kinachobonyeza kitufe cha kusemea hakijui tofauti, kwa sababu kitufe ni kilekile, na tofauti yote iko katika kile kilichochaguliwa kwenye kibao. Rubani akisahau kugeuza, salamu aliyowaandalia abiria wake, yenye kuwakaribisha, kuwaeleza urefu wa safari, hali ya hewa ya waendako na shukrani kwa kuchagua shirika lake, humfikia mwongoza ndege na marubani wengine wote walio katika masafa hayo, huku abiria wenyewe wakiketi kimya bila kusikia chochote. Desturi ya waongoza ndege ni kungoja mpaka hotuba iishe, kwa kuwa anayesema hawezi kusikia, na kisha kumjibu kwa upole kwamba mnara umeshukuru kwa makaribisho. Kicheko hicho hakimdhuru mtu, lakini ndani yake kuna fundisho, kwani kwa muda wote wa hotuba hiyo masafa yalikuwa yamezibwa, na ndege nyingine iliyokuwa na neno la haraka isingeweza kulisema.

Ndugu wa kosa hilo ni kitufe kilichokwama. Kikiganda kikiwa kimebonyezwa, redio huendelea kurusha kila kinachosemwa ndani ya chumba cha rubani: malalamiko kuhusu ratiba, habari za shamba, mjadala wa mpira, na wakati mwingine maoni kuhusu mwongoza ndege mwenyewe, ambaye anayasikia yote bila uwezo wa kuyakatiza. Wanaosikiliza hucheka, lakini mwongoza ndege hacheki kwa muda mrefu, kwa sababu chombo chake pekee kimenyang'anywa na mtu asiyejua kwamba amekinyang'anya, na ndege nyingine zote zimebaki angani bila kusikia maagizo.

Wakazi wa Likasi, hasa waliokwisha kuwa watu wazima kabla ya simu za mkononi, hawahitaji kufafanuliwa aibu ya kusikiwa na wote, kwa sababu wao wenyewe waliishi nayo katika ile huduma iliyoitwa foni. Foni ilikuwa redio ya mawimbi mafupi, iliyowekwa katika misheni, katika ofisi au katika chumba cha mfanyabiashara, ikitumia umeme wa betri ya gari, huku waya wa antena ukiwa umetandazwa juu ya paa au kati ya miti miwili. Mtu aliyetaka kuzungumza na ndugu yake aliyeko mji mwingine aliketi kwenye benchi, akingoja saa iliyopangwa, na zamu yake ilipofika alisema maneno yake mbele ya foniste, yaani mwendeshaji wa redio, na mbele ya wote waliokuwa wakingoja, akimalizia kwa maneno ya Kifaransa "à vous", yaani zamu ni yako. Aliyesahau kusema "à vous" alingoja jibu ambalo halikuja, kwa sababu mwenzake naye alikuwa akingoja ruhusa, na aliyejibu kabla ya kuambiwa alijikuta akisema peke yake hewani. Habari za msiba, mahari, deni na ugomvi wa nyumbani zilisikika katika kila kituo kilichokuwa kimefungulia masafa yaleyale, kwa hiyo watu walijifunza kuficha mambo kwa mafumbo, na mafumbo hayo nayo yalizaa kutoelewana kupya. Kila aliyewahi kuketi kwenye benchi ya foni ameonja, kwa kiasi chake, kazi ya mwongoza ndege.

Katika jitihada za kupunguza kutoelewana, wataalamu wa usafiri wa anga walitunga majina ya herufi, ili herufi zinazofanana kwa sauti, kama B, D na P, zisichanganywe. Mfumo unaotumika leo ulianza kutumika rasmi tarehe 1 Machi 1956 chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, nao huipa kila herufi jina lake: A ni Alfa, B ni Bravo, C ni Charlie, na kuendelea mpaka Z, ambayo ni Zulu. Majina hayo yalichaguliwa kwa kujaribiwa na wasemaji wa lugha mbalimbali, na dalili za kazi hiyo zinaonekana hata katika tahajia, kwa kuwa Juliett liliandikwa kwa T mbili ili msemaji wa Kifaransa asiiache T ya mwisho bila kuitamka, na Alfa liliandikwa kwa F ili hata asiyejua Kiingereza alisome sawasawa. Hata hivyo hakuna orodha iliyoweza kuziridhisha lugha zote za dunia. Katika Kimalei, neno Lima, ambalo ni jina la herufi L, ndilo jina la namba tano, na katika uwanja wa Atlanta huko Marekani, ambako shirika la Delta lina ndege nyingi mno, njia za ardhini zenye herufi D zilizoeleka kwa miaka mingi kuitwa Dixie, ili Delta ya njia isichanganywe na Delta ya ndege.

Msemaji wa Kiswahili ana mavuno yake mwenyewe katika orodha hiyo. Herufi L, ambayo kwa Mmalei ni namba, kwake ni amri ya kushika jembe. Herufi T, iitwayo Tango, humletea matunda ya bustanini, ilhali kwa Mkongo anayejua Kilingala neno hilohilo humaanisha wakati. Na herufi P, iitwayo Papa, ni samaki mkali wa baharini kwa mtu wa Mombasa au Unguja, lakini kwa mtu wa Katanga, eneo lenye mji wa Likasi, ni jina la heshima analoitwa baba au mwanamume yeyote wa makamo. Ndege ambayo usajili wake unaishia kwa herufi P, T na L ingeitwa hewani Papa Tango Lima, na mtoto wa Kamatanda akisikia mwito huo kwa mara ya kwanza angekuwa na haki ya kuuliza ni mzee gani anayeambiwa kwamba wakati wa kulima umefika. Si ajabu, basi, kwamba wanafunzi wa kazi hii wanapoanza kukariri orodha hucheka, na si vibaya wacheke, kwa kuwa neno lililomchekesha mwanafunzi ni gumu kusahaulika.

Namba zina hatari kubwa kuliko herufi, kwa sababu ndizo zinazobeba kimo, uelekeo na kasi. Katika Kiingereza cha redio, namba tisa haitamkwi kama inavyotamkwa mitaani, bali huongezewa silabi mwishoni, kwa kuwa katika hali yake ya kawaida hukaribiana na namba tano, na pia hufanana na neno la Kijerumani la kukataa. Kifaransa nacho kina mitego yake: namba sita na namba kumi, six na dix, hufanana kiasi cha kutatanisha pale mikwaruzo inapofunika mwanzo wa neno, na namba tisa, neuf, ni neno hilohilo linalomaanisha kitu kipya. Zaidi ya hayo, Wakongo walirithi kutoka kwa Wabelgiji maneno septante kwa sabini na nonante kwa tisini, ilhali Mfaransa husema sitini na kumi, soixante-dix, kwa sabini. Mtu anayeandika huku akisikiliza huliona tatizo hilo kwenye ncha ya kalamu yake, kwa sababu anaposikia soixante mkono wake huwa umekwisha kuandika 6, na dix inapofuata hulazimika kuikata 6 na kuandika 7, wakati ambapo msemaji amekwisha kuhamia namba nyingine. Kwa upande huo septante ya Kongo, ambayo wageni wengine huiona kama neno la kizamani, ni neno salama zaidi kwa redio.

Kiswahili nacho kina jambo la kushangaza ambalo wasemaji wake wengi hawajalitazama kwa karibu. Maneno sita na tisa yana sauti zilezile nne, isipokuwa kwamba S na T zimebadilishana nafasi. Mwenye kusikia nusu anaweza kukosea kwa urahisi, hasa penye kelele za injini. Hata hivyo lugha yenyewe ilikuwa na dawa tangu zamani, kwani kabla ya tisa, neno lililokuja kwa njia ya Kiarabu, Kiswahili kilikuwa na neno kenda, ambalo halifanani na namba nyingine yoyote. Neno hilo limefifia katika pwani ya Tanzania na Kenya, lakini katika Kiswahili cha Kongo bado linasikika sokoni na nyumbani. Kwa maneno mengine, kile ambacho wataalamu wa Kiingereza walilazimika kukitengeneza kwa kuongeza silabi, babu na bibi wa Katanga walikuwa nacho tayari vinywani mwao. Ikiwa siku moja Kiswahili kitatumika katika mawasiliano ya anga, jambo ambalo si la kuchekwa, neno kenda linastahili kupewa kazi hiyo.

Saa nayo ina vichekesho vyake. Usafiri wa anga duniani hutumia saa moja tu, iitwayo zulu kutokana na herufi Z ya mstari wa sifuri unaopita Greenwich, na mgeni anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba ndege itaondoka saa tano zulu anaweza kudhani kwamba inaondoka katika nchi ya Wazulu. Kwa Likasi na Lubumbashi, ambako saa hutangulia ile ya zulu kwa saa mbili, wakati huo ni saa 7 asubuhi katika kuta za ofisi, na kwa Kinshasa, ambako saa hutangulia kwa moja tu, ni saa 6, kiasi kwamba safari ya saa mbili kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa huonekana kwenye saa za ukutani kana kwamba imechukua saa moja. Dar es Salaam mambo huzidi, kwa sababu saa 7 ya kwenye kompyuta ni saa moja asubuhi kinywani na saa nne zulu katika karatasi za safari. Rubani Mswahili hubeba hesabu tatu za wakati mmoja, na anayezichanganya hufika uwanjani wakati ambapo ndege imekwisha kuruka.

Juu ya herufi na namba kuna lugha zenyewe. Watu wengi huamini kwamba Kiingereza ndicho lugha pekee inayoruhusiwa angani, lakini kanuni za kimataifa zinaruhusu lugha inayotumiwa na kituo cha ardhini, mradi Kiingereza kipatikane kwa anayekihitaji katika viwanja na njia za kimataifa. Hata mwito mashuhuri wa hatari, mayday, ambao wengi huuona kuwa Kiingereza halisi, ulibuniwa katika miaka ya 1920 katika uwanja wa Croydon, karibu na London, na mfanyakazi wa redio aitwaye Frederick Mockford, ambaye aliutunga kwa sababu ndege nyingi za Croydon zilikwenda Ufaransa, na sauti yake inafuata maneno ya Kifaransa yenye maana ya nisaidieni. Kwa hiyo Mkongo aliyesoma Kifaransa shuleni husikia katika mwito huo ombi la wazi la msaada, ambalo Mwingereza wa kawaida hulikariri bila kujua asili yake.

Likasi yenyewe, ilipokuwa bado ikiitwa Jadotville, ilipata kuwa uwanja wa lugha na redio kwa namna isiyosahaulika. Mnamo Septemba 1961, katika vita vya kujitenga kwa Katanga, kikosi cha askari wa Ireland zaidi ya 150 waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na Pat Quinlan, kilizingirwa mjini humo kwa siku tano, huku ndege ya kivita ya Katanga aina ya Fouga Magister ikiwashambulia kutoka angani. Kwa kuwa adui aliweza kusikiliza redio, Waireland walitumia lugha yao ya asili, Kigaeli, ambayo hakuna aliyetarajia kuisikia Katanga. Katika ujumbe mmoja, Quinlan aliwaarifu wakuu wake kwamba wangeshikilia mpaka risasi ya mwisho, na akaongeza kwamba wiski kidogo isingekuwa vibaya. Helikopta moja ya Umoja wa Mataifa, iliyorushwa na Mnorwe na Mswidi, ilifanikiwa kutua katikati ya risasi ikiwa na maji, lakini maji hayo yalikuwa yametiwa katika madumu yaliyowahi kubeba mafuta, na walio na kiu hawakuweza kuyanywa. Walioomba wiski wakaletewa maji yenye ladha ya mafuta. Askari wote walinusurika, ingawa walilazimika kusalimu amri, na kwa sababu walinusurika, ujumbe ule wa redio unaweza kukumbukwa leo kwa tabasamu. Laiti wangalikufa, maneno yaleyale yangalisomwa kwa machozi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, nacho kinaonekana wazi zaidi katika tukio la tarehe 24 Juni 1982. Ndege kubwa ya Uingereza, aina ya Boeing 747, iliyokuwa na watu 263, iliingia usiku katika wingu la majivu ya volkano ya Galunggung, karibu na kisiwa cha Java, na injini zake zote nne zikazimika. Wahudumu walipotoa mwito wa hatari kwamba wamepoteza injini nne, mwongoza ndege wa Jakarta alielewa kwamba iliyozimika ni injini ya nne peke yake, jambo ambalo kwa ndege yenye injini nne si msiba mkubwa. Ndege nyingine, ya shirika la Garuda la Indonesia, ilisikia na kuupeleka ujumbe kwa usahihi. Nahodha Eric Moody aliwatangazia abiria wake kwamba kuna tatizo dogo, kwamba injini zote nne zimesimama, na kwamba wanajitahidi kuziwasha tena, akitumaini hawana wasiwasi mwingi. Injini ziliwaka tena, ndege ikatua Jakarta, hakuna aliyeumia, na tangazo hilo likawa moja ya vichekesho vinavyopendwa zaidi katika historia ya usafiri wa anga. Lakini tofauti kati ya injini nne na injini ya nne, ambayo katika Kiswahili ni silabi moja tu, ingeweza kuwanyima msaada waliouhitaji.

Matukio mawili mengine hayana kicheko chochote, ingawa makosa yake ni ya ukoo uleule. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, penye ukungu mzito, mwongoza ndege aliiambia ndege ya Uholanzi ingoje, na wakati huohuo ndege ya Marekani ikasema kwamba bado iko kwenye njia ya kurukia. Sauti hizo mbili ziligongana, mlio mkali ukayafunika maneno, na rubani Mholanzi akaendelea kukimbia ili aruke. Watu 583 walipoteza maisha. Mlio huo ni uleule ambao siku nyingine huwachekesha marubani wanaposema kwa pamoja. Mnamo Februari 1989, karibu na Kuala Lumpur, ndege ya mizigo iliambiwa ishuke kwenye futi 2,400, lakini kwa kuwa katika Kiingereza jina la namba mbili na neno linalomaanisha mpaka hutamkwa kwa sauti moja, marubani walielewa kwamba washuke mpaka futi 400. Walirudia 400, na hakuna aliyewasahihisha. Ndege iligonga kilima na wote wanne waliokuwemo wakafa.

Dawa iliyopatikana ni ya kale kuliko redio: anayepewa agizo hulirudia, na aliyelitoa husikiliza marudio hayo kwa makini kuliko alivyosikiliza maneno yake mwenyewe. Kanuni zilikazwa baada ya Tenerife, ikiwemo ile inayotaka neno la kuruka litumike tu wakati ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa, na tangu Machi 2008 marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa wanatakiwa kuonyesha kiwango cha angalau nne kati ya sita katika lugha wanayoitumia. Katika sehemu za Afrika ambako mawasiliano ya ardhini ni hafifu, anga la Kongo likiwemo, marubani hutumia pia masafa ya megahezi 126.9 kujitangazia wao kwa wao mahali walipo, kimo chao na waendako, kila mmoja akiwa mwongozaji wa mwenzake. Katika masafa hayo, asiyesikia vizuri na akanyamaza anajihatarisha yeye na wasiomwona.

Hata hivyo kanuni haiwezi kumlazimisha mtu kuuliza, na hapa utamaduni una neno lake. Katika familia nyingi za Katanga, kama katika familia nyingi za Waswahili, kijana hamwambii Papa arudie alichosema. Huitikia ndiyo, kisha huenda kutafuta maana kwa mwingine. Adabu hiyo ni njema mezani, lakini hewani ni hatari, kwa sababu ndiyo ya heshima na ndiyo ya kuelewa husikika sawasawa. Shule za waongoza ndege hulazimika kufundisha heshima ya namna nyingine, ambayo kwayo mdogo humheshimu mkubwa kwa kumwomba arudie, na mkubwa humheshimu mdogo kwa kurudia bila hasira. Waswahili walikwisha kusema kwamba kuuliza si ujinga. Redio ya ndege imeongeza kwamba kutouliza kunaweza kuwa kaburi.

Kwa sababu hiyo vichekesho vya waongoza ndege havipaswi kudharauliwa kama porojo za wastaafu. Mkubwa wa kazi anapowasimulia wanafunzi habari ya rubani aliyewakaribisha abiria katika masafa ya mnara, huwafundisha kutazama swichi kabla ya kusema. Anaposimulia namba iliyogeuka njiani, huwafundisha kusikiliza marudio mpaka tarakimu ya mwisho. Fundisho hilo halibaki mnarani peke yake. Muuguzi anayepokea kipimo cha dawa kwa simu yenye mikwaruzo, mfanyakazi wa reli anayeambiwa ni njia ipi iliyo wazi, mchimbaji anayeitiwa kutoka juu akiwa ndani ya shimo, wote wako katika masafa yaleyale ya binadamu, ambako sita inaweza kugeuka tisa. Kila kisa kinachochekesha kuhusu redio ya ndege ni kisa ambacho ndani yake kuna mtu aliyesikia kosa kwa wakati, akabonyeza kitufe na kuuliza. Na ndege inayopita leo juu ya Kamatanda, ikielekea Kolwezi au ikirudi Luano, inapita salama kwa kuwa mtu mmoja amesema namba, na mwingine, bila kuona haya, ameirudia.